Waya Kwenye Isale

Redio ninayofanyia kazi mjini Moshi inasikika Kahe vizuri kuliko inavyosikika nyumbani kwetu Uru. Kahe iko chini kabisa, kwenye tambarare, na wakulima wa huko hutupigia simu wakiwa shambani, maji yakisikika yanapita mferejini, kutuambia kwamba wanatupata bila mkwaruzo. Uru ni jirani tu. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kushuka mjini, akanunua chumvi na kupanda tena kabla ng'ombe hawajaanza kulia njaa. Lakini sauti ya mjini haipandi naye.

Fundi wetu wa mitambo, mtu asiyependa maswali, aliwahi kunieleza mara moja. Alisema mawimbi ya FM ni kama macho: yanafika pale yanapoona. Mnara wetu uko kwenye kilima kifupi pembeni mwa mji. Ukisimama pale ukatazama kusini, unaiona Kahe hadi macho yachoke. Ukitazama upande wa Kilema, unaziona zile sehemu zilizokaa mgongoni, si zile zilizojificha bondeni. Ukitazama juu kwetu unaona migomba mitupu, na ndani ya hiyo migomba kuna migongo na makorongo, na nyumba yetu iko chini ya mgongo mmoja, karibu na mto, mahali babu alipomchagulia baba kwa sababu ya maji. Babu hakuwa na habari za FM.

"Kwa hiyo kwenu ni kivulini," fundi akasema, akarudi kwenye chai yake.

Si kwamba nyumbani hapakuwa na redio. Stesheni ya taifa ilishika vizuri, mtambo wake una nguvu, na stesheni moja ya ng'ambo ya mpaka, ya Kenya, iliingia hadi jikoni bila kukaribishwa. Ndiyo maana baba yangu, ambaye hajakanyaga Dar es Salaam tangu ujana wake, alijua ni barabara gani ya Dar imefungwa kwa mafuriko, na alijua unga umepanda bei Nairobi, lakini habari ya kifo cha mtu wa jumuiya yake ilimfikia jeneza likiwa limeshashushwa. Hilo lilimuudhi sana. Kwetu ukikosa harusi ya mtu atakusamehe. Ukikosa mazishi, atakukumbuka.

Mimi kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo. Wenzangu wana muziki, mpira na salamu za wasikilizaji. Mimi nina marehemu, mchana na jioni. Watu hudhani ni kazi ya huzuni. Kwa kweli ni kazi ya matamshi, kwa sababu ukikosea jina la ukoo wa mtu siku ya msiba wake, hata ukiomba radhi mara tatu hewani, yule aliyekosewa hatarudi kusikia. Tangazo lina mwendo wake: nani amefariki, wapi, mazishi lini, kisha inafuata orodha inayoanza na maneno "habari ziwafikie". Utamu na uchungu wa tangazo uko hapo. Orodha hutaja walio mbali, mtoto aliyeko Mwanza, shemeji aliyeko Kahe, lakini watu wa nyumbani huisikiliza kwa sikio la pili. Wanasikiliza nani hakutajwa.

Niliwahi kusoma tangazo la bibi mmoja ambamo watoto wote walitajwa isipokuwa mmoja. Kabla sijatoka studio simu iliita. Mtu mzima alikuwa analia upande wa pili, hataki chochote, anataka tu kujua kama niliruka mstari. Sikuuruka. Nilimwambia hivyo, akashukuru, akakata.

Tangu siku ile niliogopa tangazo moja. Baba na mdogo wake walikuwa hawasemezani, na wote wawili walikuwa wazee. Nilijua siku moja mmoja wao atafika mezani kwangu bila mwenzake kwenye orodha, na mimi ndiye nitakayesoma.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mti. Baba mdogo ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba hubaki kwenye nyumba ya wazazi. Nyumba hiyo iko juu ya mgongo. Baba, aliye wa kwanza, alikatiwa kihamba chake, shamba la kurithi, huku chini. Katikati ya vihamba viwili kuna mstari wa masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mpakani, ambayo mgeni huyaona kama maua ya uzio. Kwenye mstari huo palikuwa na mringaringa mmoja mkubwa. Siku moja baba alikwenda kuzika Kilema, na aliporudi akakuta mdogo wake ameuangusha na anapasua mbao. Baba alisema mti ulikuwa upande wake. Baba mdogo alisema mti hauna upande, ulipandwa na baba yao. Wangeweza kuishia hapo. Lakini kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa jirani, mbele ya watu, baba alimwita mdogo wake mwizi. Mbao zikasahaulika. Neno halikusahaulika.

Dawa ilijulikana. Isale kwetu si mpaka tu. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, yule aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata iwe damu imemwagika, akiliona lile fundo anatakiwa kukaa chini na kusikiliza. Dawa hiyo iliota pale pale mpakani, bure, inahitaji vidole viwili tu. Baba mdogo alisema yeye anangoja. Baba alisema kaka mkubwa hampelekei mdogo wake majani, wanaopelekewa majani ni mbuzi.

Mama alikuwa na methali yake: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Alikwenda kulima kweli. Miaka ikapita, mashamba yakalimwa yakavunwa, na nadhani hata yeye alichoka kungoja wapatane.

Basi nilipoanza kusoma matangazo ikatokea jambo la kuchekesha, ingawa hakuna aliyecheka. Nyumba ya baba mdogo, kwa kuwa iko mgongoni, ilinishika vizuri kuliko stesheni nyingine yoyote. Kila mchana sauti yangu ilikuwa sebuleni kwake. Alinisifu kanisani, alinisifu gulioni, alimwambia katekista kwamba msichana yule anayesoma redioni ni mtoto wake, na kwa hesabu za ukoo hakudanganya. Baba yangu mzazi alikuwa anasikia habari za sauti yangu kutoka kwa watu waliozipata kwa mdogo wake.

"Wanasema unasoma vizuri," aliniambia siku moja, akitazama pembeni.

Niliumia kwa ajili yake. Nilimnunulia kitochi, simu ndogo yenye redio ndani. Kikashika ile ile ya taifa na ile ile ya Kenya. Nikajaribu kumfungulia matangazo yetu kwa intaneti kwenye simu yangu. Mtandao bondeni kule ukawa unanitamka nusu nusu, jina la marehemu likitoka leo na la ukoo wake likichelewa, na baba akanirudishia simu akisema hiyo si redio, hiyo ni simu inayoiga redio. Uongozi wa stesheni nao ulikuwa umetangaza kwamba utafunga mtambo mdogo huko juu ili wasikilizaji wa mlimani watupate. Ulitangaza tena mwaka uliofuata.

Jumamosi moja nikapanda nyumbani na waya mrefu wa shaba niliopewa na fundi. Aliniambia nitafute kwanza mahali sauti inapoanza kuingia, hata kwa mkwaruzo, kisha niupandishe waya hapo. Mimi na baba tukazunguka kihamba kizima na redio mikononi, yeye akiishika kama mtu aliyebeba mayai. Nyumbani hamna kitu. Zizini hamna kitu. Kwenye kahawa tulipata mahubiri ya Kenya. Tulipanda mgongo taratibu, baba akisimama kupumua na kusingizia kwamba anakagua ndizi, na tulipofika kwenye masale, sauti ya mwenzangu wa zamu ikaingia, safi kabisa, inatangaza kupotea kwa ndama mweupe. Hatua moja nyuma inapotea. Hatua moja mbele ingekuwa bora zaidi, lakini hatua moja mbele ni kwa baba mdogo.

"Hapa hapa," baba akasema.

Niliupitisha waya juu ya masale, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuushikilia, nikaacha ncha moja ining'inie upande wetu. Baba akasikiliza habari ya ndama hadi mwisho. Tukashuka.

Usiku ulivuma upepo. Asubuhi yake, tulipokuwa tunajiandaa kwa misa ya kwanza, baba alitoka peke yake na kurudi na umande kwenye suruali. Alisema waya ulikuwa umeanguka, ameufunga. Hakuna aliyemuuliza ameufunga kwa kitu gani.

Tuliporudi kutoka kanisani tulikaa nje tukinywa mtori. Nikaona watu wawili wanashuka na njia ya mgongoni, njia ambayo ilikuwa imeota majani kwa kukosa miguu. Alikuwa baba mdogo, amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake mkewe amebeba ndoo ya pombe ya mbege iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Mama aliweka bakuli chini. Nilisimama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, maana alikuwa anamtazama kaka yake.

"Shikamoo kaka."

Baba alitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni. "Marahaba."

"Nimeliona."

"Umeona nini?"

"Isale. Limefungwa."

Nikaelewa mara moja. Baba alikuwa ameufunga ule waya kwa jani la isale lenyewe, fundo kabisa, na fundo likawa linatazama kwa mdogo wake. Nilifungua mdomo nieleze. Mama akanikanyaga mguu.

Baba hakuwa mtu wa uongo. "Pale kuna waya," alisema. "Wa redio. Huyu anasoma mchana, nikawa nataka nimsikie."

"Waya nimeuona," baba mdogo akasema. "Mimi sijauliza waya. Nauliza fundo. Ulifunga kwa mkono wako?"

Baba alitazama mikono yake, kisha akamtazama mama, ambaye alijifanya anakoroga mtori.

"Kwa mkono wangu," akasema.

"Basi."

Baba mdogo akaketi. Mkewe akachota mbege kwa kata, akampa mumewe, naye akaonja kwanza kama inavyotakiwa, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani, ndipo akampa kaka yake kwa mikono miwili. Baba akainywa nusu.

"Aika," akashukuru. Akaishusha kata, akaongeza: "Lile neno la kwenye kipaimara sikulisema vizuri."

"Na ule mti nilikuwa na haraka," baba mdogo akajibu.

Haikusemwa zaidi ya hapo. Wakahamia kwenye habari za kahawa na jinsi vijana wanavyoing'oa kupanda parachichi, na jua lilipopinda walikuwa bado wanakubaliana kwamba vijana hawana akili. Mama alipita nyuma yangu na bakuli tupu akaninong'oneza kwamba mume wake ameomba msamaha kwa redio. Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Nilimuuliza baba baadaye, mara moja tu, kwa nini hakutumia katani. Alisema katani ilikuwa mbali. Katani yetu inakaa stoo, nyuma ya jiko, na kutoka jikoni hadi mpakani ni kupanda mgongo mzima. Mzee aliyekulia kwenye masale hajui kufunga jani hilo kwa bahati mbaya, kama vile padri hawezi kubariki kwa bahati mbaya. Lakini yeye alishikilia kwamba lilikuwa suala la waya, nami nikaacha liwe suala la waya.

Kuanzia hapo, mchana kipindi kilipokaribia, baba alipanda na redio yake hadi mpakani. Baba mdogo, ambaye angeweza kunisikia akiwa amekaa kwenye kochi, alitoka na kigoda akaja kukaa upande wake wa masale. Walibishana kila siku. Baba mdogo alitaka sauti ipunguzwe, baba alitaka iongezwe. Baba mdogo alimjua kila marehemu, au alijua aliyemjua, na aliongea juu ya tangazo hadi baba akakosa saa ya mazishi, ndipo wakaanza kubishana ni saa nane au saa tisa. Mara mbili walinipigia simu studio kuuliza. Mara moja walikwenda mazishi ya mtu wasiyemfahamu, kwa sababu kila mmoja alidhani marehemu anafahamiana na mwenzake.

Baba akawa pia mhakiki wangu. "Unasoma haraka," aliniambia nilipopanda nyumbani. "Marehemu hana haraka. Anayekimbia ni wewe."

Nilimwambia muda wa hewani una mipaka yake. Alisema hata masale ni mpaka. Sikuelewa anamaanisha nini, na sidhani kama naye alielewa, lakini nilipunguza mwendo.

Baba mdogo aliugua wakati wa mvua za masika. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Baba alishuka hospitali kila alipoweza, na alipokuwa hawezi alipanda mpakani na redio kama kawaida, akaketi peke yake karibu na kile kigoda. Mama aliniambia kwamba siku hizo alikuwa anaongeza sauti hadi mwisho, na hakuna wa kumkataza.

Baba mdogo alifariki alfajiri, nyumbani kwake, juu ya mgongo. Baba ndiye aliyemfumba macho.

Tangazo lililetwa na binti yake mkubwa, dada yangu kwa ukoo, limeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mkuu wa zamu alinionea huruma, akasema mwenzangu anaweza kusoma badala yangu. Nilikataa. Niliogopa tangazo hili miaka mingi na sikutaka lisomwe na mtu mwingine.

Nililipitia kwanza kwa kalamu kama nifanyavyo siku zote. Wapi, lini, ibada saa ngapi. Kisha: habari ziwafikie watoto wake walioko Dar es Salaam na Mwanza, shemeji zake wa Kilema, na kaka yake aliyeko mpakani.

Mwenzangu wa zamu alikuwa anasoma begani kwangu. "Huyu kaka si ndiye baba yako, yuko hapo hapo?" akauliza. "Ameshajua. Tukimtoa tunaokoa muda."

Nilimtazama dada yangu.

"Alisema mwenyewe, akiwa kitandani," dada akasema. "Alisema kaka yangu msimwache, hata kama yuko pembeni yangu. Alisema lazima atasikiliza."

Nikaingia studio. Taa nyekundu ikawaka. Nilisoma matangazo yaliyotangulia, kisha nikafika kwake. Sikulia, sauti yangu ninaijua, najua pa kuishikilia. Nilisoma jina lake taratibu, na jina la ukoo, ambalo ni langu pia, na nilipofika kwenye orodha nikapunguza mwendo hadi mkuu wa zamu akanionyesha saa kupitia kioo. Sikumjali. Nikamtaja kaka yake.

Nilipotoka nilimpigia mama. Nyuma yake nilisikia turubai linapigwa na upepo na watu wengi wakiongea kwa chini. Nilimuuliza baba yuko wapi. Alisema aliwaacha waombolezaji wote, akachukua redio, akaenda kwenye masale, na ndiyo kwanza anarudi. Nikasema ampe simu.

Nilisikia anapumua kama mtu aliyepanda mgongo mzima, ingawa kutoka mpakani hadi nyumbani kwa mdogo wake ni hatua chache tu.

"Shikamoo baba. Imeshika?"

"Imeshika," akasema. "Nimesikia nimetajwa."